Kuhamia mtaa mpya Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia ofisi ya mtaa hadi msibani

Kimara, Goba, Mbezi, Chanika, Mbagala, Bunju, Kigamboni: kila mwaka watu wa Dar es Salaam wanasogea pembezoni kutafuta kiwanja au kodi nafuu. Kwenye uchochoro mmoja utakuta Mzaramo aliyezaliwa hapo hapo, Mchaga mwenye duka, mama wa Kihaya anayefuga kuku, familia ya Kimakonde, na vijana wanne wa Kisukuma katika vyumba viwili. Adhana na kengele ya kanisa zinasikika toka uani kwako. Hakuna anayemjua mwenzake kwa ukoo, kwa hiyo mtaa unamjua mtu kwa madaftari mawili: daftari la wakazi lililo ofisini kwa mtendaji, na daftari la rambirambi. Aliyeandikwa katika hayo mawili hapati tabu ya kudhaminiwa, kusaidiwa usiku wala kuzikwa. Aliyekosekana huonekana mpita njia hata akikaa miaka kumi, na anakuja kuyajua hayo siku ya shida.

Tunafuata mpangilio wa kuhama wenyewe, tangu siku unapooneshwa nyumba.

Kabla hujalipa kodi

Dalali atakuonesha nyumba mchana wa jua kali, wakati kila kitu kinapendeza. Rudi peke yako mara mbili zaidi: mara moja usiku, baada ya saa 2, na mara moja siku ya mvua au asubuhi yake. Usiku unajua taa za njiani, kelele za baa na kama bodaboda zinakubali kufika. Mvua inakuonesha njia ya maji. Angalia ukutani kama kuna mstari wa tope, na jinsi nyumba jirani zilivyoinua vizingiti vya milango. Jirani aliyejenga kizingiti cha kufika magotini amekwisha kukuambia kila kitu.

Maji usimwulize dalali. Mwulize mama anayefua nyumba ya tatu: yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Kujua chanzo kunasaidia. Kimara, Mbezi ya Morogoro Road na Ubungo wanategemea mtambo wa Ruvu Juu; Bunju, Tegeta na Mbezi Beach wanategemea Ruvu Chini; Kigamboni ina visima virefu vya Kimbiji. Mtambo mmoja ukizimwa kwa matengenezo, upande wake wote unakauka, na walio vilimani, kama sehemu nyingi za Kimara na Mbezi, ndio wa mwisho kurudishiwa maji kwa sababu msukumo hauwafikii mpaka bomba la bondeni lijae.

Gharama za dalali ni mbili na watu huzichanganya. Kuna hela ya kuoneshwa, inayolipwa hata usipopapenda, na kuna malipo yake ukipata nyumba, ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Kubaliana zote kabla hamjaondoka kijiweni. Kodi yenyewe mlipe mwenye nyumba, na uione sura yake. Akisema yuko mkoani, mwombe jina kamili na uliulize kwa majirani wawili. Nyumba moja kulipiwa na wapangaji watatu kwa wiki moja ni utapeli wa kila siku.

Mkataba uwe na mambo haya hata kama ni karatasi ya daftari: majina kamili ya pande mbili na namba za kitambulisho cha Taifa (NIDA), kiasi cha kodi na miezi iliyolipwa, nani analipa maji, taka, ulinzi na kodi ya jengo, notisi ya kuhama au kupandisha kodi ni miezi mingapi, usomaji wa mita ya maji na uniti za umeme siku ya kuingia, na saini za mashahidi wawili. Piga nakala mbili zaidi. Moja utaihitaji kesho yake.

Ofisi ya serikali ya mtaa

Wengi huenda ofisi ya mtaa siku wanapotakiwa barua benki, wakiwa na haraka, na hapo ndipo wanapozungushwa. Nenda wiki ya kwanza, ukiwa huhitaji chochote.

Uwajue watu wake. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano; uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Anasaidiwa na kamati ya wajumbe waliochaguliwa pamoja naye siku hiyo hiyo. Afisa Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri: ndiye mwenye daftari la wakazi, mafaili na kumbukumbu za vikao. Juu yao kuna kata, yenye Mtendaji wa Kata na Diwani. Mjumbe wa shina, ambaye wazee bado wanamwita balozi wa nyumba kumi, ni kiongozi wa chama tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wala si ofisa wa serikali. Hata hivyo ndiye anayejua nani analala wapi, na ofisi nyingi zitakuuliza, "Mjumbe wako nani?" Anzia kwake. Piga hodi, toa shikamoo kama ni mtu mzima, taja nyumba uliyohamia, mlikotoka na mko wangapi. Dakika kumi zinatosha.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Beba kitambulisho cha Taifa au namba yake (tarakimu 20), nakala ya mkataba wa pango, na picha ndogo mbili.
2. Jua anwani yako. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zimepewa namba, barabara zimepewa majina na kata zina postikodi ya tarakimu tano. Kama kibao kimeng'oka mlangoni, tafuta anwani kwenye programu ya simu ya NaPA au mwombe mtendaji akuangalizie.
3. Mwambie mtendaji akuandike kwenye daftari la wakazi pamoja na watu wote wa nyumbani, na dada wa kazi asisahauliwe. Mtu asiyeandikwa akipata ajali au akikamatwa, ofisi haina la kusema juu yake.
4. Uliza siku na saa za kupata huduma. Mwenyekiti si mwajiriwa wa kukaa mezani kutwa, na mitaa mingi hukutana na watu jioni au siku maalumu.
5. Andika namba za simu za mwenyekiti, mtendaji na mkaguzi wa polisi wa kata.

Barua ya utambulisho ndiyo shughuli kubwa ya ofisi hii. Utaihitaji kwa NIDA, pasipoti, mkopo, kumdhamini ndugu mahakamani, kuvuta maji au umeme, na wakati mwingine kazini. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, jina la taasisi inayoandikiwa na shughuli yenyewe, picha yenye mhuri uliopita nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi, saini, tarehe na namba ya simu ya aliyesaini. Barua nyingi hukataliwa kwa sababu nne tu: jina limepishana ("Mohamedi" na "Mohamed"), mhuri haukugusa picha, hakuna tarehe, au imeandikwa "kwa yeyote anayehusika" wakati taasisi ilitaka itajwe. Soma ukiwa bado ofisini. Ukitakiwa kulipa chochote, omba stakabadhi kwa upole. Malipo halali ya serikali yana risiti au namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99.

Jambo moja zaidi. Orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ni tofauti na daftari la kudumu la Tume ya uchaguzi. Kadi yako ya mpiga kura haikuingizi kwenye orodha ya mtaa: huandikishwa upya, kwa siku chache tu, kabla ya uchaguzi wa mtaa. Mwaka 2024 zilikuwa siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kila uchaguzi wapo wanaofika na kadi mkononi na kurudi nyumbani bila kupiga kura.

Umeme: mita moja, wapangaji watano

Hakuna kinachogombanisha nyumba za kupanga kama LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Siku ya kuingia nunua kiasi kidogo kwanza, tuseme Sh 5,000, usome risiti. Mita ya nyumba ya kawaida hukatwa kodi ya jengo Sh 1,500 kila mwezi, na nyumba ya ghorofa hukatwa Sh 7,500 kwa kila ghorofa. Miezi ambayo umeme haukununuliwa haisamehewi, hujikusanya. Nyumba iliyokaa tupu miezi sita inakusubiri na Sh 9,000 za kukatwa siku ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo tunza risiti na kubalianeni aipunguze kwenye pango. Kama jengo moja lina mita mbili na zote zinakatwa, mwenye nyumba anaweza kuomba iondolewe kwenye moja.

Sasa madaraja. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hununua uniti kwa Sh 100, na kodi na tozo zikiingia inafika Sh 122. Akizidi anahamishiwa daraja la kawaida la Sh 292, ambalo na kodi zake hufika kama Sh 356. Kwa hiyo Sh 10,000 ya daraja la kawaida ni uniti 28 hivi, na mwezi unapokatwa kodi ya jengo utapata karibu 24. Hapo ndipo penye siri ya nyumba za kupanga: kaya tano zinazotumia uniti 30 kila moja ni watumiaji wadogo kila mmoja akiwa peke yake, lakini kwenye mita moja ni uniti 150, na wote wanalipa bei ya juu, karibu mara tatu. Mwenye nyumba akikubali kuomba mita ya pili au ya tatu TANESCO, shirika la umeme, gharama ya kuunganisha hurudi taratibu. Mfanyieni hesabu hiyo kwenye karatasi mkae naye, kwa sababu wenye nyumba wengi hawajawahi kuioneshwa.

Kama haiwezekani, wekeni submita, yaani mita ndogo za ndani, moja kwa kila kaya, zifungwe na fundi mwenye leseni baada ya swichi kuu. Someni kila Jumapili, watu wawili wakiwepo, na mwandike kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Gharama igawanywe kwa uniti zilizosomwa. Jumla ya submita itapungua kidogo ukilinganisha na mita kuu, kwa sababu ya taa ya nje na pampu. Hiyo tofauti igawanywe sawa kwa wote. Mtindo wa "kila chumba Sh 5,000" hufanya kazi mpaka siku mmoja aliponunua friji, pasi au jiko la umeme. Friji hula mchana na usiku, na pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja imemaliza uniti nzima. Ugomvi wote unaanzia kwenye vitu hivyo viwili.

Maji

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia ndoo tano kwa siku, humaliza ndoo 25, ambazo ni nusu uniti, kwa hiyo uniti 15 kwa mwezi. Ankara ikija na uniti 40, kuna mahali panavuja. Funga bomba zote, zima na valvu ya tanki, uangalie kile kijigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka wakati hakuna anayechota, bomba limepasuka kati ya mita na nyumba. Kikitulia, kagua choo cha kuvuta: tone rangi ya chakula au soda nyekundu kwenye tanki la choo, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikitokea kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechoka. Ni mpira wa bei ndogo unaokunywa uniti kadhaa kwa mwezi.

Kuomba kuunganishiwa maji mapya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, utahitaji kitambulisho, picha, uthibitisho wa umiliki (hati au karatasi ya mauziano) na barua ya mtaa. Fundi atakuja kupima umbali toka bomba kuu, utapewa makadirio, kisha namba ya malipo. Usimpe fundi fedha mkononi, hata akiwa na sare: malipo yasiyo na namba hayamo kwenye kumbukumbu, na mita iliyofungwa hivyo itakuja kung'olewa. Majirani watatu au wanne mkiomba pamoja, bomba la kufikia uchochoroni huwa jepesi kugawana, lakini andikianeni nani katoa ngapi, maana wa tano atakapokuja kujiunga mwakani mtagombana juu ya kiingilio chake.

Tanki la lita 1,000 linatosha familia hiyo siku mbili tu. Kwenye mgao wa siku tatu au nne, weka lita 2,000, juu ya msingi wa zege uliosawazika. Tanki likikaa juu ya mawe yasiyolingana hupasuka chini, na lita 2,000 ni uzito wa tani mbili. Lisafishe kila miezi mitatu. Maji ya boza (gari la maji) mara nyingi ni ya kisima: yaonje kabla hayajamwagwa tankini, kwa sababu chumvi haitolewi kwa kuchemsha, na huharibu sabuni na hita. Ya kunywa yachemshe, au tia kidonge kimoja cha WaterGuard kwenye lita 20 za maji maangavu na usubiri dakika 30.

Taka, vyoo na masika

Kila kata ina kampuni au kikundi kilichopewa kazi ya kukusanya taka, ambazo huishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Uliza siku ya gari na ada, ulipe kwa risiti. Gari likipitisha wiki mbili, mjulishe mtendaji kwa ujumbe wa maandishi wenye tarehe, wala usimtume kijana wa mkokoteni. Yule wa mkokoteni ataumwaga mfuko wako kwenye mtaro wa jirani, na jirani ataukuta una karatasi yenye jina lako. Tenga mabaki ya jikoni na yaliyo makavu. Chupa za plastiki wapo wanaozinunua kwa kilo, na maganda yanaoza vizuri kwenye shimo la nusu mita chini ya mgomba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi: toka na fagio na jembe, uzibue mtaro wa mbele yako na hatua tano zaidi kila upande. Ni siku rahisi kuliko zote ya kujulikana.

Mashimo ya choo yanyonywe Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Ukisubiri Aprili, ardhi imelowa, shimo halinyonyi, magari yamebanwa na bei imepanda. Hapo ndipo baadhi ya watu hutapisha vyoo, yaani hutoboa chemba mvua inaponyesha ili uchafu uende na maji. Ni kosa, na ni njia mojawapo ya kipindupindu kuingia kwenye visima vya majirani. Mkiona hilo, msiandikiane matusi kwenye kundi la WhatsApp. Piga picha, mpigie bwana afya wa kata saa hiyo hiyo wakati uchafu bado unaonekana, kwa sababu baada ya mvua ushahidi haupo.

Shule, zahanati, ulinzi

Mtoto wa kuhama shule anahitaji fomu ya uhamisho toka kwa mwalimu mkuu wa zamani na namba yake ya PReM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi. Bila hiyo namba shule mpya itampokea darasani lakini jina lake halitahamia kwenye mfumo wa mitihani. Wa kuanza darasa la kwanza mwandikishe kati ya Oktoba na Desemba, na cheti cha kuzaliwa mkononi. Zahanati ya serikali ipite mapema na kadi ya kliniki ya mtoto ili chanjo zisikatike.

Ulinzi shirikishi hutozwa kwa kila nyumba. Lipa, uliza walinzi ni nani na wameandikishwa polisi. Mtaa unaochangisha bila kubandika mapato na matumizi huishia kukosa walinzi, na kosa mara nyingi si wizi bali aibu: watu wanaacha kulipa kimyakimya na hakuna anayeuliza kwenye mkutano. Uliza wewe. Namba ya polisi ni 112, zimamoto 114.

Kelele, sherehe na sufuria

Kufunga njia kwa turubai kunahitaji kibali cha ofisi ya mtaa na cha polisi, na saa ya kuzima muziki huandikwa humo. Kibali hakikuondolei wajibu wa kupita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla. Angalia kalenda za wote: usiku wa Ramadhani, Ijumaa saa 6 hadi 8 mchana, Jumapili asubuhi, Ijumaa Kuu. Elekeza spika kwenye uwanja wako, wala si kwenye dirisha la mwenye mtoto mchanga.

Chakula cha mtaa mzima kina kanuni zake. Mnyama achinjwe na Mwislamu, na majirani wamwone au wamjue, ili wote wale. Nyama ya nguruwe isipikwe kwenye sufuria za kuazimwa mtaani, hata zikioshwa vipi. Pombe ikiwepo, iwe upande wake na isipite kwenye meza ya pilau. Sufuria za kuazima ziandikwe alama kwa rangi ya kucha chini ya kitako, na zirudishwe safi kesho yake. Sufuria iliyopotea inakumbukwa miaka.

Ugomvi ukitokea, panda ngazi moja moja: mtu mwenyewe, kisha mzee mnayemheshimu wote, mjumbe, mwenyekiti, kata. Kwa mipaka ya ardhi, baraza la kata tangu mwaka 2021 halitoi hukumu tena. Linasuluhisha tu, kwa muda usiozidi siku 30, na likishindwa linakupa cheti cha kwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usipopita barazani kwanza shauri lako litarudishwa, kwa hiyo usiruke.

Msiba

Ukisikia kilio, nenda. Huhitaji kumjua marehemu. Wanaume hukaa nje chini ya turubai, wanawake huingia ndani au uani, wakiwa na kanga au kitenge. Sema "poleni sana" au "pole kwa msiba". Usiulize amekufa na nini. Dakika 20 za kukaa kimya zinatosha siku ya kwanza. Kisha angalia kazi iliyopo: kuchota maji, kubeba viti, kukata kuni, kumpeleka mtu mochwari. Rambirambi hupokelewa mezani na huandikwa jina, nyumba na kiasi. Sh 2,000 iliyoandikwa ina thamani kuliko Sh 20,000 uliyoahidi kwenye simu.

Ratiba hutofautiana, na mgeni hukosea hapa. Mwislamu huzikwa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa hiyo usiposikia mapema utakuta wamerudi makaburini. Baada ya hapo kuna dua na khitma, na bado unakaribishwa. Kwa Wakristo wengi kuna siku kadhaa za vikao, kwa sababu marehemu husafirishwa Kilimanjaro, Kagera au Mbeya, na kikao ndipo bajeti ya jeneza, gari na chakula cha safari inapogawanywa. Fika kwenye kikao walau mara moja hata kama hutasafiri. Na usishtuke ukimwona mtu anafanya vichekesho mbele ya wafiwa, amevaa nguo za marehemu au amezuia jeneza mpaka apewe kitu. Huyo ni mtani, kama ilivyo kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, na hiyo ni kazi yake ya kuwafuta wafiwa machozi.

Mtaa ulio imara una chama cha kufa na kuzikana. Kama hakuna, kianzisheni, lakini fanyeni hesabu kabla ya kuandika katiba. Chukua kaya 40, kila moja ikitoa Sh 5,000 kwa mwezi. Ni Sh 200,000 kwa mwezi, Sh 2,400,000 kwa mwaka. Mkipanga Sh 500,000 kwa mwanachama au mwenza wake, Sh 300,000 kwa mtoto na Sh 200,000 kwa mzazi, mwaka wenye msiba mmoja wa mwanachama, mmoja wa mtoto na minne ya wazazi utawagharimu Sh 1,600,000. Panabaki Sh 800,000, na kwa miaka miwili mnanunua turubai, viti 50 na sufuria zenu wenyewe.

Vyama hivi huvunjika kwa sababu nne. Ya kwanza ni wazazi. Kaya 40, kila moja ikiwa na wazazi wa mume na wa mke, ni wazee 160. Mkiwapa fungu sawa na wanachama mfuko unakauka kabla ya mwaka. Ya pili ni majina: bila orodha iliyofungwa, kila mjomba atakuwa "baba mkubwa aliyenilea". Kila kaya ijaze fomu siku ya kuingia, majina yote, na mabadiliko yakubaliwe mara moja kwa mwaka tu, Januari. Ya tatu ni muda wa kusubiri: mwanachama mpya asilipwe kabla ya miezi mitatu, la sivyo mtaingiza watu ambao tayari wana mgonjwa mahututi. Ya nne ni deni: anayedaiwa zaidi ya miezi mitatu apewe nusu ya fungu, na hilo lisemwe wazi kwenye katiba, kwa sababu siku ya msiba hakuna atakayekuwa na moyo wa kulisema.

Mweka hazina asiwe mmoja na mwenye simu ya kupokea michango. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja awe mpangaji na si wenye nyumba watupu, na mmoja awe mwanamke. Benki itataka katiba, muhtasari wa kikao cha kwanza wenye saini za wanachama, picha za watia saini na barua ya mtaa. Hiyo barua, kama mlijiandikisha ofisini wiki ya kwanza, mtaipata siku hiyo hiyo.